Kikundi chetu cha San Diego kiombe ruzuku ya jimbo kwa ajili ya watu transjenda?

Swali: Kaka, habari za kazi. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, naishi City Heights, San Diego. Tuna kikundi kidogo cha akina mama tunaowasaidia wakimbizi wanaozungumza Kiswahili, wengi wao kutoka Kongo na Burundi: tunawasindikiza hospitali, tunawajazia fomu za Medi-Cal (bima ya afya ya jimbo kwa wenye kipato kidogo), tunawatafutia nyumba. Mwaka jana tulihudumia watu kama 120. Tisa kati yao ni transjenda, yaani jinsia wanayojitambulisha nayo si ile waliyoandikiwa walipozaliwa, na wengine wao walipita kambi ya Kakuma. Hao ndio wanaopata taabu kuliko wote. Nimesikia jimbo la California lina mfuko wa ruzuku kwa ajili yao. Je, tuombe? Fedha hizo zinaweza kulipa kodi ya nyumba? Na wazee wetu kwenye kamati tuwaambieje?

Jibu: Dada yangu, salama. Ushauri wangu ni huu: msiombe kama mwombaji mkuu. Ingieni ndani ya ombi la shirika linaloongozwa na watu transjenda wenyewe, mkiwa na kipande chenu cha kazi, bajeti yenu na mkataba wenu. Najua mlitarajia kuambiwa muombe wenyewe, kwa hiyo nitaeleza kwa urefu kidogo.

Mfuko uliousikia ulianzishwa na muswada AB 2218, uliowasilishwa na mbunge Miguel Santiago wa Los Angeles na kutiwa saini na Gavana Gavin Newsom tarehe 26 Septemba 2020. Waliousukuma kwa nguvu ni TransLatin@ Coalition ya Los Angeles, shirika lililoanzishwa mwaka 2009 na Bamby Salcedo pamoja na wahamiaji wenzake transjenda. Sheria ilipopita mfuko ulikuwa mtupu: jina lipo, fedha hazipo. Baadaye ndipo bajeti ya jimbo ilipotenga dola milioni 13. Msimamizi wake ni Ofisi ya Usawa wa Kiafya, iliyo chini ya Idara ya Afya ya Umma ya California. Unahusu watu transjenda, wasiojitambulisha kwa jinsia moja kati ya mbili zilizozoeleka, na huntha, yaani waliozaliwa na maumbile yasiyo ya kiume wala ya kike moja kwa moja.

Sasa njoo kwenye kipengele kinachowagusa ninyi. Sheria inataja shirika linalohudumia watu hawa kuwa ni taasisi ya umma au isiyo ya faida ambayo dhamira yake iliyoandikwa imejengwa juu yao, na ambayo wateja wake wasiopungua asilimia 65 ni wao. Ninyi mna watu 9 katika 120, yaani asilimia saba na nusu. Hakuna namna ya kuandika ombi itakayoziba pengo hilo. Hata kituo kikubwa cha wapenzi wa jinsia moja, chenye jengo lake na wanasheria wake, kinaweza kukwama hapo hapo kwa sababu wateja wake wengi si transjenda.

Mlango wa pili ni wa hospitali na zahanati. Ile ambayo tayari inatoa tiba ya homoni au upasuaji wa kubadili jinsia inaweza kuomba iendelee, na ile inayotaka kuanza inaweza kuomba pia, lakini lazima iwe na ushirikiano uliokwisha kusimama na shirika la aina niliyoitaja. Yaani kwenye mfuko huu hospitali kubwa inayotaka kuanzisha huduma inabidi ikapige hodi kwa shirika dogo la watu transjenda. Hilo lilikusudiwa, na mimi naliunga mkono kwa moyo wote. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015, ambapo watu transjenda 27,715 wa Marekani walijibu, theluthi moja ya waliomwona mtoa huduma ya afya ndani ya mwaka ule walisema walipata angalau tukio moja baya lililotokana na wao kuwa transjenda. Asilimia 24 walilazimika kumfundisha daktari mambo yao ndipo watibiwe ipasavyo. Asilimia 23 ya waliojibu waliacha kwenda hospitali walipougua, kwa kuhofia kudhalilishwa. Fedha zikimwagwa hospitalini bila mtu wa kuisimamia hospitali, mgonjwa ataendelea kubaki nyumbani na ugonjwa wake.

Kuna kishawishi nataka kukiua mapema, kwa sababu utasikia watu wakikishauri. Mtaambiwa msajili kikundi kingine cha pembeni, wanachama wake wawe wale tisa tu, ili asilimia ipande hadi mia. Msifanye. Wapitiaji wa maombi huangalia umri wa shirika, rekodi ya kazi, na nani yuko kwenye bodi. Lakini hata kama mngepita, mngekuwa mmewafanya watu tisa waliokimbia kwao kwa ajili ya maisha yao kuwa kadi ya kuchukulia fedha. Siku mkaguzi atakapokuja, wao ndio watakaoulizwa maswali.

Basi ninyi mna nini cha kupeleka mezani? Mna kitu ambacho shirika la watu transjenda la San Diego au Los Angeles huenda halina kabisa: Kiswahili, na imani ya watu wa Kiswahili. Fikiria asubuhi moja ya kliniki. Msichana amekaa kwenye benchi, amevaa vizuri, amesubiri miadi hii kwa wiki nyingi. Karani anatokea mlangoni na kuita kwa sauti jina la kiume lililoandikwa kwenye kadi ya Medi-Cal. Pale ukumbini wamo Wakongo wawili na mama mmoja wa Kirundi anayefahamiana na watu wa kanisa lake. Akisimama, habari itafika mtaani kabla hajafika yeye. Asiposimama, amekosa miadi. Ndani nako anakutana na mkalimani wa simu ambaye sauti yake anaitambua, kwa sababu jamii yetu ni ndogo, basi anajibu "sina shida" kwa kila swali la daktari.

Kazi yenu iko hapo. Mama mmoja aliyefunzwa ukalimani wa hospitali, aliyetia saini kiapo cha siri, aliyekwisha kuongea na karani siku moja kabla ili mgonjwa aitwe kwa jina la ukoo au kwa namba. Mtu wa kumpeleka mahakamani kubadili jina, maana huko nako ada inazidi dola 400 kama hukujaza fomu ya kuomba msamaha wa ada, na fomu zote ni za Kiingereza kizito. Mtu wa kukaa naye siku ya kwanza kwa mshauri wa afya ya akili. Sheria ya AB 2218 inapoeleza huduma inayotakiwa, inataka iheshimu uhuru wa mtu juu ya mwili wake, isikisie jinsia yake, na imtendee kila mmoja kwa huruma, uelewa na heshima. Kwa mtu asiyejua Kiingereza, maneno hayo hayana maana mpaka ayasikie kwa lugha yake. Andikeni hivyo hivyo kwenye ombi, bila madoido.

Kwenye bajeti, jihadharini na kosa la kuomba fedha za jambo ambalo tayari lina mlipaji. Homoni hulipiwa na Medi-Cal kwa mwenye kadi. Mkalimani wa ndani ya kliniki ni jukumu la kliniki yenyewe, kwa sheria ya shirikisho, na hairuhusiwi kumtoza mgonjwa wala kumtumia mtoto wake. Usafiri wa kwenda kwenye miadi, Medi-Cal inao pia, ingawa wengi hawaambiwi. Mpitiaji akiona mmeweka vitu hivyo, atajua hamuujui mfumo. Wekeni yasiyo na mwenyewe: mafunzo ya wasindikizaji, posho yao, usafiri wa mahakamani na ofisi za vitambulisho, saa za mratibu mmoja, simu ya kikundi ambayo si simu binafsi ya mtu, na mafunzo kwa makarani wa zahanati mtakazoshirikiana nazo. Hilo la mafunzo lina mguu wa kisheria: tangu SB 923 ya mwaka 2022, kampuni za bima ya afya za California zinatakiwa kuwafunza wafanyakazi wao wanaoonana na wateja namna ya kuwahudumia watu hawa, na sauti za watu transjenda wenyewe zinatakiwa ziwemo kwenye mafunzo hayo.

Kuhusu kodi ya nyumba: ndiyo, sheria imetaja wazi programu za makazi mahsusi kwa watu hawa. Lakini "programu ya makazi" maana yake ni mpango wenye masharti, mikataba na mtu wa kuusimamia. Si sanduku la kumchangia kila aliyefukuzwa. Kwa kodi za San Diego, kipande kidogo cha ruzuku kitaisha kwa watu wawili watatu. Ningewashauri muombe amana ya kuingilia nyumba na siku chache za dharura, na makazi ya muda mrefu mwachie mshirika mkuu. Jiji la San Francisco lilikwenda njia nyingine: lilitangaza mwaka 2022 mpango wa kuwapa watu transjenda 55 dola 1,200 kila mwezi, kwa muda usiozidi miezi 18, watumie wanavyoona. Ni wazo zuri sana, ila kabla ya kumpa mtu fedha mkononi muulizeni mwanasheria wa msaada wa kijamii, kwa kuwa kipato kipya kinaweza kumpunguzia CalFresh (msaada wa chakula) au msaada mwingine anaoutegemea.

Sasa suala la fedha zenyewe zinavyotembea, na hapa ndipo vikundi vidogo huumia. Ruzuku ya jimbo kwa kawaida hailipwi mbele. Mnafanya kazi, mnalipa kwa fedha zenu, mnapeleka ankara na risiti, kisha mnarudishiwa. Tuseme kipande chenu ni dola 60,000 kwa mwaka. Januari hadi Machi mmetumia 15,000. Aprili mnatuma ankara kwa mshirika mkuu, naye anaiunganisha na zake na kuipeleka jimboni. Sheria ya California inaitaka idara ilipe ankara isiyo na mgogoro ndani ya siku 45, lakini ikirudishwa kwa sababu risiti moja haina tarehe, siku zinaanza kuhesabiwa upya. Mnaweza kufika Juni hamjaona hata senti, na mratibu wenu ana watoto wa kulisha. Tangu AB 590 ya mwaka 2023, idara za jimbo zinaweza kuyapa mashirika yasiyo ya faida malipo ya awali hadi asilimia 25 ya ruzuku. Kwa hiyo, kabla hamjatia saini, dai kifungu kwenye mkataba wenu na mshirika mkuu kisemacho kwamba akipata malipo ya awali nanyi mnapata sehemu yenu kwa uwiano huo huo. Wasipokubali, punguzeni kazi mliyoahidi mpaka ilingane na akiba mliyonayo benki. Usione haya kulidai hilo. Shirika la watu transjenda limewahi kubanwa na wafadhili kuliko ninyi, litaelewa.

Hukusema kama kikundi kimesajiliwa. Kama bado, tafuteni shirika la kuwashikia fedha, lenye hadhi ya kutolipa kodi ya mapato. Mengi hukata karibu asilimia kumi, nayo iwemo kwenye bajeti tangu mwanzo. Kama mmesajiliwa, nenda leo kwenye tovuti ya Mwanasheria Mkuu wa California, kwenye rejista ya mashirika ya hisani, mtafute jina lenu. Mkikuta mmeandikwa kuwa mmechelewa, basi huenda kuna fomu ya kila mwaka ya RRF-1 hamkuituma, na katika hali hiyo hamruhusiwi kuomba wala kutumia fedha za hisani. Nimeona vikundi vyema vikipoteza nafasi kwa karatasi hiyo moja.

Jambo la siri naliweka peke yake kwa sababu ni zito. Ombi lenu, ripoti zenu na ankara zenu zikifika jimboni zinakuwa kumbukumbu za umma, na mtu yeyote anaweza kuomba kuziona kwa sheria ya kumbukumbu za umma. Bila shaka hamtaandika majina. Lakini ripoti isemayo "mteja mmoja, miaka 19, kutoka Burundi, anaishi City Heights, ameanza homoni Februari" imemtaja bila kumtaja. Mtaa mzima unajua ni nani. Andikeni makundi mapana: "wateja chini ya kumi, wenye umri wa miaka 18 hadi 35, kutoka Afrika Mashariki na Kati." Mshirika mkuu akiwataka mumpe zaidi ya hapo, mwombeni aonyeshe kifungu cha mkataba wa jimbo kinachohitaji hivyo. Daftari la majina likae mahali pamoja, kwa mtu mmoja, na wateja waambiwe mapema nani anaweza kulisoma.

Kuna pia suala la serikali ya shirikisho, na lazima mliweke wazi kati yenu na kliniki. Tangu amri za Rais Donald Trump za Januari 2025, mashirika yanayowahudumia watu transjenda yametishiwa kunyimwa fedha za shirikisho. San Francisco AIDS Foundation na wenzake walikwenda mahakamani, na Juni 2025 Jaji Jon Tigar akazuia kwa muda sehemu ya masharti hayo yasitumike dhidi ya walioshtaki. Lakini zuio la muda haliondoi hofu: Julai mwaka huo huo Hospitali ya Watoto ya Los Angeles ilifunga kituo chake cha vijana transjenda, kilichokuwa miongoni mwa vikubwa nchini. Zahanati nyingi za jamii zinasimama kwa fedha za shirikisho. Kwa hiyo, kabla hamjaiandika zahanati yoyote kwenye ombi, muulizeni mkurugenzi wake, uso kwa uso: huduma hii kwenu inalipwa na fungu lipi, na fungu hilo likikatwa mwezi ujao, wagonjwa wetu wataenda wapi? Asiye na jibu msimwandike. Na kama ninyi wenyewe mna fedha za shirikisho za kuwapokea wakimbizi, fungueni daftari la pili la hesabu. Dola ya jimbo isiguse dola ya shirikisho, hata kwa kununua wino wa printa.

Wazee. Hapa nitakuambia ninavyoamini. Usiwapitishie jambo hili kwa mlango wa nyuma kwa kuandika "vijana walio katika mazingira magumu". Mwenyekiti ndiye atakayetia saini, na anatia saini kwa jina lake. Waitishe, wasomee hesabu: watu 9 kati ya 120, ndio walioongoza kwa kukosa pa kulala, ndio wanaoogopa hospitali. Atakayesema haya ni mambo ya Marekani, mkumbushe kwamba Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua mwaka 2014 kuwa Audrey Mbugua abadilishiwe jina kwenye cheti chake cha mtihani na alama ya jinsia iondolewe. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 iliwahesabu huntha kwa mara ya kwanza, ikapata 1,524. Watu hawa walikuwepo kwetu, na hao tisa wako San Diego kwa sababu huko tulikotoka palikuwa hapakaliki kwao. Kamati haiombwi kutoa fatwa wala kubadili imani ya mtu. Inaombwa kuamua kama huduma iliyokwisha kutolewa kwa Mkongo na Mrundi itatolewa kwa wote kwa kiwango kimoja. Mzee asiyeweza kukubali hilo ajiuzulu kwa heshima kabla ya saini, maana akijiuzulu katikati ya mkataba kwa kelele, wateja ndio watakaoanikwa. Na muhtasari wa kikao uandikwe: wafadhili hupenda kuuona.

Waulizeni na wale tisa. Kama wanataka muombe, kama wangependa nani awasindikize, kama kuna mmoja wao anayetaka kazi ya uratibu. Akiwepo, posho ya kwanza iwe yake.

Kwa wasomaji wa Buffalo na Syracuse walioniuliza jambo la karibu na hili: New York ina mfuko wake, unaobeba jina la Lorena Borjas, mwanamke transjenda aliyehamia kutoka Mexico, akawatetea wenzake mitaani Queens kwa miaka mingi, na kufariki kwa UVIKO tarehe 30 Machi 2020. Masharti yake si sawa na ya California, yasomeni yenyewe.

Wewe, dada, anza na barua ya ukurasa mmoja kwa mshirika: ninyi ni nani, mnazungumza lugha zipi, mna wateja wangapi, na vitu vitatu mnavyoweza kufanya ambavyo wao hawawezi. Msisubiri tangazo la maombi ndipo muanze kufahamiana, kwa kuwa likitoka muda huwa mfupi. Fuatilieni bajeti ya jimbo pia: gavana huipeleka bungeni kufikia tarehe 10 Januari, huirekebisha katikati ya Mei, bunge linatakiwa kuipitisha kufikia tarehe 15 Juni, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Mfuko huu ulikaa mtupu mara moja, unaweza kukaa mtupu tena. Wabunge wenu wa jimbo wana ofisi hapo hapo San Diego. Nendeni na mmoja wa wale tisa, akiridhia, na mama mmoja wa kumkalimania.